NID ya sanduku, ya SFP, ya programu, au ruta peke yake? Namna ya kuchagua kifaa cha mpakani

Mteja anapiga simu asubuhi: mtandao wenu unasuasua. Ukitazama upande wako, taa zote ni za kijani. Ukimuuliza fundi wake, anaapa ruta yao haina neno. Katikati yenu kuna kilomita 80 za faiba, na kipande cha mwisho mmekikodi kwa kampuni nyingine, ambayo nayo inasema kwao kuko shwari. Kila mmoja ana kweli yake, na mkataba unadai fidia.

Kwa ajili ya siku kama hiyo ndipo huwekwa NID (Network Interface Device), kifaa kinachokaa pale mtandao wa mtoa huduma unapoishia na wa mteja unapoanza. Kinaiwasha huduma ya etheneti, kinaipima huku inatumika, na panapoharibika kinaonyesha ni upande wa nani. Ninapoombwa ushauri, mara nyingi naletewa jedwali la idadi ya poti na bei. Mimi naanza na swali jingine: siku ya ugomvi, kipimo cha kifaa hiki kitamshawishi mtu asiyetaka kukiamini? Kwa swali hilo, vifaa vinavyolingana kwa poti huachana mbali sana.

Namna za kuifanya kazi hii ni nne. Kuna sanduku linalojitegemea, kama familia ya ETX-2 ya RAD au FSP 150 ya ADVA, ambayo siku hizi iko pamoja na Adtran. Kuna NID iliyobanwa ndani ya moduli ya SFP, ile ndogo ya ukubwa wa kidole inayochomekwa kwenye swichi. Kuna kuitumia ruta au swichi ambayo tayari iko kwa mteja, kwa kuwasha vipimo vilivyomo ndani yake. Na kuna NID ya programu, inayoendeshwa ndani ya seva ndogo pamoja na kazi nyingine. Kigeuzi cha kawaida cha faiba kwenda shaba sikihesabu. Kinapitisha data, basi; siku ya ugomvi hakina la kusema.

Vinapima nini hasa

Viwango vitatu hutajwa katika kila tangazo, na kila kimoja kina umbali wake wa kuona. IEEE 802.3ah, ya mwaka 2004, inaona kiungo kimoja tu, kutoka kifaa hiki hadi cha jirani. Ndani yake mna kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote: pumzi ya mwisho. Umeme unapokatika, kifaa kinatumia chaji iliyobaki ndani yake kutuma ujumbe mmoja wa kuaga. Bila ujumbe huo, faiba iliyokatwa na tingatinga na mfagizi aliyechomoa waya ukutani vinafanana kabisa kwenye skrini yako, na gari la mafundi linaondoka katika hali zote mbili.

IEEE 802.1ag, ya 2007, inaona huduma nzima, mwisho hadi mwisho, hata ikivuka mitandao mitatu. Vifaa viwili hutumiana ujumbe wa "bado nipo" kwa mwendo unaouchagua, kuanzia kila milisekunde 3.33 hadi kila dakika 10, na ukikosekana kwa muda wa vipindi 3.5 alamu inalia. Ina ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, ili mteja, mtoa huduma na mwenye njia ya kukodi wapime kila mmoja kwenye ngazi yake bila kukanyagana. Kisha ITU-T Y.1731 inaongeza vipimo vya uchelewaji, mtikisiko (uchelewaji unaopandapanda na kushuka) na upotevu wa fremu, yaani vifurushi ambavyo data husafiria.

Karibu kila kifaa kitakuambia kinafuata vyote vitatu. Ni kweli. Tofauti iko kwenye namna kinavyovifuata, na hapo inabidi tusogee karibu.

Kupima uchelewaji wa kwenda na kurudi, kifaa cha kwanza kinatuma fremu yenye muhuri wa saa ilipoondoka. Kifaa cha pili kinapiga muhuri ilipofika, kinapiga mwingine inapoondoka kurudi, na cha kwanza kinapiga wa nne inapopokelewa. Muda ambao fremu ilikaa ndani ya kifaa cha pili unatolewa, kinachobaki ni njia. Hesabu safi, na haihitaji saa za vifaa viwili zilingane. Sasa tazama muhuri wenyewe unapigwa wapi. Ukipigwa na chipu pale pale mlangoni, unapata muda wa kweli. Ukipigwa na CPU, fremu inaingia, inapanga foleni nyuma ya kazi nyingine, na muhuri wa "imefika" unagongwa zamu yake ikifika. Foleni hiyo imekwisha kuhesabiwa kuwa ni njia.

Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kilomita zetu 80 ni mikrosekunde 400 kwenda na 400 kurudi, jumla milisekunde 0.8. CPU iliyoelemewa inaweza kuongeza milisekunde kadhaa bila jasho. Yaani kosa la kifaa linakuwa kubwa kuliko kitu chenyewe kinachopimwa, na linakua saa zile zile ambazo mteja ana kazi nyingi na analalamika.

Sanduku na ruta

Nawaweka hawa wawili pamoja kwa sababu ndio mabishano ya kila siku. Meneja wa fedha anauliza, na ana haki: kwa nini ninunue kifaa cha pili wakati ruta ile pale ina Y.1731 ndani yake?

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Ruta inayobeba data ya mteja na kuipima data hiyo hiyo inajipima yenyewe. Ikizidiwa, vipimo vyake vinazidiwa pamoja nayo. Ikizimwa na kuwashwa, kumbukumbu ya vipimo huenda nayo. Na kama ruta ni mali ya mteja, nenosiri liko kwake. Fundi wake akibadilisha mpangilio usiku wa manane, asubuhi yako inaanza na alamu usiyoijua. Nimewahi kukaa kwenye simu saa tatu nzima tukitafuta upotevu wa fremu ambao haukuwepo popote isipokuwa ndani ya CPU ya ruta iliyokuwa ikizijibu fremu za majaribio kwa kusuasua. Data ya mteja ilikuwa inapita vizuri muda wote.

Sanduku linalojitegemea limetengenezwa kwa kazi moja. Mihuri inapigwa na chipu. Jenereta ya majaribio, inayozalisha fremu za kupimia, imo ndani, kwa hiyo unaweza kuiwasha huduma kwa kufuata Y.1564 bila kumpeleka mtu na mashine ya kupimia. Kiwango hicho cha 2011 kinajaribu kwanza kila huduma kwa hatua, kisha zote kwa pamoja kwa dakika 15, saa 2 au saa 24. Kilikuja kuziba pengo la RFC 2544 ya 1999, ambayo iliandikwa kwa ajili ya kupima kifaa maabara, si huduma iliyopita katikati ya mtandao wa watu. Sanduku zuri pia lina pawasaplai mbili, pumzi ya mwisho, lebo mbili za VLAN (alama za kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja) kwa mtindo wa 802.1ad, na kama una minara ya simu, linapitisha ishara ya saa, inayoiweka minara kwenye mwendo mmoja, kwa SyncE na IEEE 1588.

Kasoro yake haifichiki. Ni kifaa kingine kwenye njia, chenye pawasaplai nyingine inayoweza kufa, kinachotaka nafasi kwenye raki na soketi ya umeme ambayo mteja ameshaijaza. Kwa mkataba wa asilimia 99.99, ruhusa yako ya kukatika ni dakika 4 na sekunde 19 kwa mwezi wa siku 30. Kila kifaa unachokiongeza kinakula kutoka humo.

Hata hivyo ruta ina siku yake. Ukiuza huduma inayosimamiwa yote na wewe, ruta ikiwa mali yako, nenosiri likiwa kwako, na unachoahidi ni safari ya IP badala ya etheneti tupu, basi TWAMP ya RFC 5357, kipimo cha safari ya IP kwenda na kurudi, kutoka kwenye ruta hiyo inatosha kwa wateja wengi. Hapo mpaka wako umehamia upande wa ndani wa ruta. Kuongeza sanduku mbele yake ni kujinunulia mzigo.

SFP: ndogo, na ina masharti

NID ya SFP ni akili ya kihandisi. Unachomoa moduli ya kawaida kwenye swichi ya zamani, unachomeka hii, na swichi ambayo haikujua 802.1ag ni nini inaanza kupimwa. Hakuna raki, hakuna soketi, hakuna kebo ya ziada. Mihuri ya saa inapigwa na chipu iliyo ndani ya moduli yenyewe, kwa hiyo usahihi wake uko karibu na wa sanduku. MiNID ya RAD ni ya aina hii, na Accedian, iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2023, ilikuwa na yake.

Masharti yake yanatokana na udogo wake. Tundu la SFP limekadiriwa kutoa wati 1 hadi 1.5 tu, na ndani ya bajeti hiyo lazima vitoshee mwanga, chipu na usimamizi. Joto linapanda, hasa swichi ikiwa na feni iliyochoka. Jenereta nzito ya majaribio kwa kawaida haimo. Moduli inazirudisha fremu zilikotoka, na jenereta inakaa katikati ya mtandao wako. Kwa kazi nyingi hilo si tatizo, kwa kuwa jenereta moja inahudumia mamia ya moduli.

Tatizo langu ni umeme. SFP inakula kwenye sahani ya mwenyeji wake. Swichi ya mteja ikizimika, shahidi wako naye amezimika, na ile pumzi ya mwisho huenda usiisikie. Pia kuna swichi zinazokataa moduli isiyo ya kampuni iliyozitengeneza. Jaribu kabla ya kuagiza mia. Na kama tundu ni la mteja, mtu mwenye haraka anaweza kuichomoa akidhani ni moduli kama nyingine. Kwa hiyo naitumia pale ambapo swichi ni yangu mwenyewe, au pale ninapotaka kuona ndani ya mtandao ambao hakuna nafasi ya kitu kingine.

NID ya programu

Kwa programu nitasema machache. Ikiwa kwa mteja tayari kuna seva ndogo inayoendesha ruta, ukuta wa moto na vitu vingine, kuongeza NID ya programu ni suala la leseni na dakika chache. Unaibadilisha ukiwa ofisini, unaongeza kipimo kipya bila kumgusa mteja. Kwenye kasi ndipo inapokwama. Poti ya gigabiti 10 iliyojaa fremu za baiti 64 inapitisha fremu 14,880,952 kwa sekunde, yaani kila fremu ina nanosekunde 67.2 za kushughulikiwa. Programu peke yake, ikigawana CPU na majirani, haitafika huko bila kadi ya mtandao inayoisaidia kupiga mihuri na kuzalisha fremu. Kadi hiyo ikiwepo, umeshanunua nusu ya sanduku. Kwa megabiti mia chache na mteja wa matawi mengi, mimi sina ugomvi nayo.

Mambo mawili yasiyo kwenye jedwali la muuzaji

La kwanza ni ndoo ya tokeni: tokeni huingia kwa mwendo uliouzwa, kila fremu inayopita inazitumia kulingana na ukubwa wake, na zikiisha fremu inatupwa. Umemuuzia mteja CIR, yaani mwendo uliohakikishwa, ya megabiti 50 kwenye poti ya gigabiti 1. Kompyuta yake haijui habari ya 50. Inarusha fremu kwa kasi ya poti, gigabiti nzima, kwa mafungu mafungu. Kinachoamua kama fungu litapita ni CBS, ukubwa wa ndoo. Vifaa vingine hutoka kiwandani na ndoo ya baiti 12,000 hivi. Baiti 12,144 ni fremu 8 za baiti 1,518, hakuna zaidi. Fremu hizo 8 huwasili ndani ya mikrosekunde 98 hivi, na katika muda huo tokeni mpya zinazoingia kwa mwendo wa megabiti 50 ni baiti 615 tu, hata nusu ya fremu moja hazifiki. Fremu ya tisa inatupwa, na ya kumi, na ya kumi na moja. TCP, itifaki inayosimamia mwendo wa data kwenye kompyuta yake, inaona upotevu, inapunguza mwendo, inapanda tena, inatupiwa tena. Mteja anapima megabiti 20 na kitu, anakuita mwizi. Jenereta ya Y.1564 nayo inasema huduma ni safi, kwa sababu inatuma fremu zake kwa nafasi zilizopangika vizuri na ndoo haikauki. Wote wawili wamepima sawasawa.

Mimi huanza na ndoo ya baiti 125,000 kwa megabiti 50, sawa na milisekunde 20 za mwendo huo, na kupanda panapohitajika. Lakini dawa yenyewe ni kifaa kinachoweza kuzipanga fremu kwenye foleni na kuziachia taratibu badala ya kuzitupa. Hilo linataka bafa, kumbukumbu ya kuzishikilia fremu, na bafa ni nafasi na umeme. Sanduku linayo. Ruta nzuri inayo. SFP ndogo, uliza kabla hujalipa, na usiridhike na jibu la "inasimamia kasi", kwa kuwa kutupa nako ni kusimamia. Ukiwa umekodi njia ya mwisho kwa kampuni nyingine, jambo hili linapanda daraja: wao nao wana ndoo yao mlangoni, na usipopanga foleni kabla ya kufika kwao, watakutupia fremu huko ambako macho yako hayafiki.

La pili ni upotevu mdogo. Mkataba unasema upotevu usizidi asilimia 0.01, fremu moja kwa kila 10,000. Umeweka kipimo cha fremu za majaribio, moja kila sekunde, na ripoti kila dakika 15. Kila ripoti ina fremu 900. Ikipotea moja tu, ripoti inasomeka asilimia 0.11, mara kumi na moja ya ruhusa, na mteja anafungua madai. Isipopotea, inasoma sifuri, na sifuri hiyo haithibitishi chochote. Kwa kiwango hicho unahitaji angalau fremu 10 kila sekunde na hesabu ya saa nzima, ambayo ni fremu 36,000. Njia nyingine ni kuhesabu fremu halisi za mteja pande zote mbili, lakini inafanya kazi kwenye huduma ya nukta mbili tu. Kwenye huduma ya matawi mengi hesabu haziwezi kulinganishwa. Muulize muuzaji idadi ya vipindi vya majaribio ambavyo chipu yake inabeba kwa mwendo wa fremu 10 kila sekunde, kwa wakati mmoja. Hapa ndipo sanduku la bei nafuu na la bei kali hutengana, na mara nyingi si kwa kiasi unachodhani.

Uliza pia kifaa kinatunza vipande vingapi vya dakika 15 njia ya usimamizi inapokatika. Kinachotunza 32 kina kumbukumbu ya saa 8. Kinachotunza 96 kina siku nzima. Hitilafu ikitokea Jumamosi usiku utaijua thamani ya tofauti hiyo.

Ningechagua nini

Mteja mmoja mkubwa, mkataba mkali, njia ya mwisho ya kukodi: sanduku, bila kusita, lenye bafa na pawasaplai mbili. Minara ya simu: sanduku tena, na sababu ni saa kuliko vipimo. Mtandao wako mwenyewe wa swichi za zamani unaotaka kuuona ndani: SFP, na hakuna kitu kingine kitakachokupa mwonekano huo kwa usumbufu mdogo namna hiyo. Huduma ya IP unayoisimamia yote, mkataba wa kawaida: ruta na TWAMP. Programu naiweka pale tu ambapo seva ilikuwa imeshalipiwa kwa sababu nyingine.

Na kabla ya kusaini, omba vifaa viwili vya kujaribu. Viunganishe kwa kipande cha faiba cha mita moja, ambapo uchelewaji wa kweli wa njia ni nanosekunde 10 kwenda na kurudi. Soma kipimo. Kisha vielemeze: ijaze poti, washa alamu zote, vuta ripoti za usimamizi mfululizo kutoka kwenye mashine tatu, na usome tena. Urefu wa faiba haujabadilika, kwa hiyo namba zote mbili zinapaswa kulingana. Niliwahi kufanya hivyo kwa vifaa vya wauzaji watatu juu ya meza moja. Viwili havikutikisika. Cha tatu, ambacho karatasi yake ya maelezo ilikuwa ndefu kuliko zote, kilinisomea milisekunde 6 kwenye faiba ya mita moja.